Tambarare

Stata haikufa siku moja.
Ilianza kukohoa masika ya mwaka juzi,
ikabaki kuitika kwa kamlio kadogo, tk,
kama shemeji anayefyonza akiwa chumba cha pili,
halafu hata ile tk ikaisha.
Tangu hapo Aminieli anaegesha mteremkoni.

Moshi inamruhusu. Mji umeinama.
Anatoka Mbokomu alfajiri na madumu manne ya maziwa,
anaweka gia ya pili, anaachia klachi,
mlima unamwashia injini bure.
Wateja wake wote wanakaa penye mwinamo.
Mwenye nyumba tambarare anywe ya pakiti.

"Na kiki?" nilimuuliza.
Akapandisha suruali, akanionyesha goti.
Sikuuliza tena.

Sasa injini iko vipande vipande mezani kwangu, Kiborloni,
pistoni mpya ingali kwenye boksi lake,
na stata nimeiacha mwisho,
imekaa pembeni kama firigisi kwenye sahani.

Kwanza nachora mstari kwa msumari, kutoka kifuniko hadi mwilini,
ili vikikutana tena vikumbuke vilivyokuwa vinatazamana.
Bolti mbili ndefu. Kifuniko kinang'ang'ania, kisha kinakubali,
na unga mweusi unanimwagikia mapajani:
kaboni, iliyojisaga yenyewe kwa kusugua shaba
kila asubuhi ya siku zile kitufe kilipokuwa kinatii.
Washa nyembamba nazihesabu kwa sauti. Tatu.
Kijana wangu Ndewario aliwahi kusahau moja,
tukarudishiwa pikipiki pamoja na matusi.

Mwili wa chuma nauosha kwa petroli. Amecha, hapana;
amecha ni kitambaa kikavu na uvumilivu,
ukiilowesha, vanishi inalainika, nyaya zinagusana.
Msasa laini nauzungusha taratibu
mpaka shaba irudie wekundu wa chai ya rangi.
Katikati ya vipande vyake kuna vijifereji,
navikwangua kwa msumeno uliovunjika,
kimoja kimoja, nimevaa miwani ya marehemu mama.

Aminieli amekaa juu ya tairi. Anasema bila kuulizwa:
"Dada yangu Eliaika yuko Pasua."
Pasua ni tambarare kama sinia.
"Nashindwa kupita kwake. Nikizima pale, nani atanisukuma?"

Naendelea kukwangua.
Kiborloni nzima inakijua kile kikao cha kihamba,
migomba na mibuni ikagawiwa wanaume watupu,
Eliaika akaambiwa akale kwa mumewe,
na mumewe alikuwa ameshazikwa.

Kaboni napima kwa rula ya shule: zimebaki milimita nne.
Mpya zina kumi.
Sili nabadilisha. Grisi kwenye bushi, kiasi cha harage,
ikizidi itatambaa hadi kwenye shaba
na tutarudi hapa hapa.
Washa: moja, mbili, tatu.
Nazungusha kifuniko mpaka mstari uungane.

Naikanyaga kwa kiatu, nagusisha waya wa betri.
Inaruka! Inavuma chini ya unyayo,
inataka kunitoroka kama kuku aliyeona kisu.

Nilidhani atacheka.
"Ilikuwa uchafu tu?"
"Uchafu, na kaboni za elfu nane."
"Miaka miwili?"
Nikafuta mikono. Jibu alikuwa nalo.

Jumamosi alikuja kuichukua.
Akabonyeza, ikaitika. Akazima.
Akabonyeza tena. Akazima tena,
kama mtu anayemjaribu shahidi.
Nikagundua ameiegesha pua ikitazama bondeni,
mazoea hayo.

Madumu yalikuwa matano.
Lile la tano, jipya, lilikuwa na kifuniko cha bluu,
limefungwa kwa kamba ya mgomba.
Sikuuliza ni la nani.
Alikaa pale barabarani, injini ikinguruma,
akatazama juu, akatazama chini,
muda mrefu kuliko magari yaliyokuwapo.
Kisha indiketa ya kulia ikawaka,
ile niliyomtengenezea bila kumtoza.